Zamu ya Saa Kumi

Siku ya tatu ya matanga, hitima imekwisha na masinia ya biriani yanarudishwa jikoni, kijana mmoja wa upande wa mashemeji aliniuliza kwa adabu kabisa: "Kwani babu yenu alipigana vita gani?" Alikuwa ameiona picha iliyotundikwa ukumbini. Babu yumo ndani ya sare nyeupe, kofia imekaa sawasawa, kifua mbele, tepe tatu mkononi. Picha ya namna ile humfanya mtu angojee hadithi ya mizinga.

Nikamwambia hakupigana vita vyovyote. Akasema "Aah," akanyamaza, akageukia simu yake. Maneno haya nimeyaandika kwa sababu ya "aah" ile.

Babu alikuwa mwanamaji kwa karibu miaka thelathini na hakuwahi kumfyatulia mtu risasi. Alipofariki alikuwa na miaka tisini, watoto sita, wajukuu ishirini na watatu, na vitukuu ambao majina yao aliyajua yote. Nimesikia watu wakimsifu kwa mengine: ukarimu, swala, bao. Uanamaji wake wanaupitia haraka, kama kazi yoyote iliyomlipia karo za watoto. Mimi naona ndio uliomfanya awe babu aliyekuwa.

Bahari ilimshika mapema. Mwaka 1942 alikuwa mtoto wa miaka minane hapa Mtongwe, Mombasa. Aprili ile Wajapani walikuwa wameishambulia Colombo, na manowari za Waingereza zilizokuwa kule zikahamia Kilindini. Wataalamu wao wa kufumbua misimbo ya Wajapani wakaichukua shule ya Allidina Visram, ng'ambo kisiwani, wakawa wananasa mawasiliano ya redio ya adui kutoka madarasa yanayotazama bahari. Hayo ya misimbo Babu aliyasikia uzeeni tu. Alichokiona kwa macho ya mtoto ni vyombo vya kijivu vimejaa mlango wa bahari, vikubwa kuliko msikiti. Alikuwa akisema, "Nilizihesabu mpaka vidole vya mikono vikaniishia, nikaingia vya miguu."

Mwaka 1954 akaandikishwa katika Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika Mashariki. Meli yao ya mafunzo ilikuwa Rosalind, trola, chombo cha muundo wa meli ya kuvulia samaki, iliyoundwa wakati wa vita. Alikula sahani moja na vijana kutoka Uganda na Tanganyika, na mpaka uzeeni alikuwa na kitendawili kimoja cha Kiganda ambacho hakuna aliyeweza kukitegua pale nyumbani. Jeshi lile likavunjwa 1962, nchi zetu zikielekea uhuru kila moja kivyake. Akaenda kubeba mizigo bandarini. Kenya ilipofungua jeshi lake la wanamaji, tarehe 12 Desemba 1964, siku ileile tulipokuwa jamhuri, Babu alikuwa miongoni mwa wale waliorudi. Kambi ikawa Mtongwe, mwendo wa miguu kutoka mlangoni kwake. Chombo cha kwanza kiliitwa Nyati. Mwaka 1966 zikaja boti tatu za doria kutoka kiwanda cha Vosper cha Uingereza, zikapewa majina ya Simba, Chui na Ndovu, na hizo alizitaja kama mtu anavyotaja ng'ombe wa baba yake.

Sasa, kazi yenyewe ilikuwa nini? Nilimuuliza nikiwa shule ya upili, naye akaniambia: kutu. Chuma na chumvi hawapatani. Mnagonga kutu kwa nyundo ndogo, mnasugua, mnapaka rangi ya kwanza, mnapaka ya kijivu, mkifika shetri, nyuma ya meli, kule omo, mbele, kumeshaanza upya. "Kutu haina sikukuu, mke wangu." (Ndivyo alivyoniita tangu nilipozaliwa, na marehemu Nyanya akaniita mke mwenzangu, na maneno ya wivu yalikuwa hayaishi ukumbini.) Baada ya kutu, kulikuwa na doria. Kwenda mpaka karibu na Kiunga, kule mpakani na Somalia, na kurudi, upepo wa kusi unakupiga ubavuni, hakuna kinachotokea. Mara moja moja mashua ya wavuvi imekatika tanga au imeishiwa mafuta, mnaifunga kamba mnaivuta. Babu alikuwa na kumbukumbu ya kila mashua waliyoivuta. Ya watu wanne wa Lamu ambao walikuwa wamekunywa maji ya mwisho juzi yake aliisimulia mara nyingi kuliko zote, na kila mara alifikia palepale: mzee mmoja kati yao alipopandishwa aliuliza kwanza kama mashua yake imefungwa vizuri.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa zamu. Kwenye meli siku hugawanywa saa nne nne: saa mbili usiku mpaka saa sita, saa sita mpaka saa kumi, saa kumi mpaka saa mbili asubuhi, na kuendelea. Ingebaki hivyo zingekuwa zamu sita, na makundi yakiwa mawili au matatu, waliokesha usiku wa manane leo wangekesha usiku wa manane kesho na keshokutwa, mpaka wafe kwa usingizi. Kwa hiyo zile saa nne za jioni hukatwa katikati, zikawa mbili za saa mbili mbili. Jumla saba. Saba haigawanyiki kwa mbili wala kwa tatu, basi mzunguko unasogea na kila mtu anaonja kila saa. Babu aliniwekea haya kwa mbegu za bao juu ya mkeka, na sidhani kuna mwalimu wa hesabu aliyewahi kunifurahisha vile.

Na wa zamu haondoki mpaka mwenzake afike. Akifika, haambiwi "haya, kwaheri". Anapewa habari: tunaelekea wapi, upepo unatoka wapi, taa gani imeonekana, nini kinatarajiwa. Anayepokea anasema "nimepokea". Neno hilo lisiposemwa, zamu bado ni ya yule wa kwanza, hata awe anaanguka.

Alistaafu 1985, ila zamu ya saa kumi alfajiri haikumwacha. Aliamka saa hiyo maisha yake yote. Anatoka uani, anaangalia mawingu, anasikiliza maji, anawasha jiko, na adhana ikilia kahawa ya tangawizi tayari inachemka. Majirani walidhani ni ucha Mungu tu. Ulikuwepo, tena mwingi, lakini mwili ulikuwa umefundishwa na meli kwanza.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ilipinduka hapa Mtongwe, karibu na ufuko, imejaa watu wanaokwenda kazini. Waliokufa ni 272. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka Babu akipita mlangoni amekumbatia leso zote za Nyanya, na Nyanya hakumuuliza kitu. Alirudi usiku, bila leso hata moja. Hakutusimulia alichokiona, siku ile wala baadaye. Jumapili yake alitukusanya wajukuu wote, wa kike na wa kiume, akatupeleka majini. Alianza na kuelea, uso juu, mikono wazi, masikio ndani ya maji. "Kuogelea baadaye. Kwanza ujue bahari inaweza kukubeba." Kuna shangazi waliolalamika kuhusu sisi wasichana. Akawasikiliza mpaka mwisho, na Jumapili iliyofuata akatupeleka tena. Nami hili nalisema bila kuzunguka: watu wa Pwani tunavuka maji kila siku na wengi wetu hatujui kuelea hata dakika moja, na mzazi anayesema hana muda wa kumfundisha mwanawe nitamkumbusha Ijumaa ile.

Septemba 2012, televisheni zilipoonyesha majeshi yetu yametua Kismayu, Somalia, kutokea baharini, vijana wa baraza walimjia mbio. Mzee, jeshi lako limepigana! Walitaka kuona mzee wa miaka sabini na minane akirukaruka. Akauliza, "Wamerudi wote?" Kisha akauliza bahari ilikuwaje usiku ule, kwa kuwa kusi ilikuwa bado haijakwisha vizuri. Wakaondoka wamepoa kidogo. Nilikuwepo, na siku ile sikumwelewa zaidi yao.

Namwelewa sasa. Tuna mazoea ya kumpima askari kwa moto aliouwasha. Siku za taifa tunatajiwa mapambano, na ni haki yao waliopambana, sitaki kumnyang'anya mtu chake. Ila mtu aliyesimama gizani kwa saa nne, usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, akitazama maji ambayo hayakuleta adui, tunamwona kama aliyekuwa hana kazi. Wavuvi wale wa Lamu hawakumwona hivyo. Kesha la namna hiyo likifanywa vizuri halitoi habari ya kusimulia, na kwa hiyo yule kijana wa matangani hakukosea kuuliza, amelelewa na sisi sote kuuliza hivyo. Ningempa jibu refu kama ningelikuwa nalo siku ile.

Nyanya alipougua mwaka 2009, Babu alichukua karatasi ya daftari, akatugawa makundi matatu, akakata jioni vipande viwili. Miezi mitano Nyanya hakuwahi kufumbua macho akakosa mtu. Ukiingia chumbani kupokea, Babu yuko pembeni anasikiliza kama unapewa habari kamili: amekunywa nini, dawa ipi bado, amegeuzwa ubavu gani.

Kwa hiyo ilipofika zamu yake mwenyewe kulala kitanda kilekile, hakuna aliyehitaji kutuelekeza. Karatasi ilibandikwa nyuma ya mlango. Aliisoma, akasahihisha sehemu moja kwa sababu nilikuwa nimempa mdogo wangu usiku wa manane mara mbili mfululizo.

Usiku wa mwisho aliyekesha saa sita mpaka saa kumi alikuwa mtoto wa ami yangu, kijana wa miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa wa saa kumi. Jioni nilipopita kumsalimu, Babu aliniuliza nimeona nini nje. Nikamwambia: upepo wa kaskazi, mdogo; maji yanajaa; taa za meli mbili gatini Kilindini, na ya tatu inaingia na rubani. Akafikiri kidogo. "Haya, mke wangu. Kalale, una kazi alfajiri."

Nilipoguswa bega nilijua ni mapema mno. Yule kijana alikuwa amesimama wima mlangoni, mikono imenyooka ubavuni, machozi yanamtiririka, na sauti yake haikutetemeka.

"Saa tisa na robo," alisema. "Pumzi imekatika. Shahada nimemtamkia, na midomo yake ilifuata. Macho nimemfumba. Nimemwelekeza kibla. Taa inawaka. Ami bado hajaamshwa."

Nikasimama, nikafunga leso yangu.

"Nimepokea," nikamwambia.