Ubongo wa mzee hauko mikononi mwake peke yake

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la The Lancet lilitangaza kwamba takribani asilimia 45 ya visa vya dimenshia, maradhi yanayomnyang'anya mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Sharti ni kuondoa vihatarishi 14, vikiwemo presha, kisukari, sigara, upweke, kupungua kwa usikivu na hewa chafu. Kuna wanaoipokea takwimu hiyo kwa kusema ubongo wako uko mikononi mwako. Wengine hawataki kuisikia: uzee ni uzee, na aliyeandikiwa kusahau atasahau tu.

Hao wa kwanza hawasemi hewani. Ushahidi wao mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa presha. Ikipanda miaka nenda miaka rudi, mishipa midogo ya ubongo hukakamaa na kuziba, vijisehemu vikakosa damu bila mwenyewe kuhisi lolote. Katika utafiti wa SPRINT MIND uliofanyika Marekani, matokeo yake yakatoka mwaka 2019, kundi lililolenga kushusha namba ya juu ya kipimo cha presha hadi chini ya 120, badala ya 140, lilipata nafuu: hatari ya udhaifu mdogo wa kumbukumbu na fikra ilipungua kwa karibu asilimia 19. Kwa dimenshia yenyewe, hata hivyo, tofauti haikutosha kuthibitisha kitu.

Kwenye masikio ndiko ubishi unakokolea. Utafiti wa ACHIEVE wa mwaka 2023 uliwapa vifaa vya kusaidia kusikia wazee wa miaka 70 hadi 84, ukawafuatilia kwa miaka 3. Walipohesabiwa wote kwa pamoja, vifaa havikuonyesha faida kwa akili. Ila kwa wale waliokuwa na vihatarishi vingi tangu mwanzo, kasi ya kudhoofika ilipungua kwa asilimia 48. Kila upande unachukua nusu yake na kuondoka nayo. Mimi naona kifaa hicho kinamfaa zaidi aliyekwisha kuwa hatarini. Na hata kisipookoa kumbukumbu, kumrudisha mzee kwenye mazungumzo ya wanawe na wajukuu ni sababu tosha ya kukitafuta.

Wenye shaka nao wana hoja ambayo watangazaji wa afya huiruka. Asilimia 45 ni hesabu ya jamii nzima. Haimwambii mtu mmoja kwamba amepunguza hatari yake kwa karibu nusu. Tena inachukulia kwamba kila kihatarishi ndicho chanzo. Upweke, kwa mfano, unaweza kuwa dalili: ubongo huanza kuharibika miaka mingi kabla ya ugonjwa kutambuliwa, na mtu hujitenga polepole.

Kwenye pengo hilo kati ya takwimu na uhakika ndipo wafanyabiashara hupenya, na hapa sina upole. Mwaka 2016 kampuni ya michezo ya ubongo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 nchini Marekani, baada ya mamlaka ya kulinda walaji kuishtaki kwa kuwahadaa wateja. Mazoezi ya aina hiyo hunoa zaidi kile kile unachokifanyia mazoezi. Vidonge je? Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba vitamini B na E visipendekezwe kwa lengo la kupunguza hatari ya dimenshia.

Linaloniuma zaidi ni lawama. Mke anayemuuguza mumewe anaulizwa kama alimpa mlo sahihi, kama alimhimiza kutembea. Lakini miongoni mwa vile 14 kumo kukosa elimu utotoni, na hewa chafu ambayo mtu hakuichagua. Shule hujengwa na serikali, moshi wa viwanda hudhibitiwa kwa sheria, na presha ya mtu wa miaka 45 hupimwa pale tu penye zahanati, kipimo na dawa zisizokatika. Maswali anayoulizwa yule mke yaelekezwe huko.