Maradona kaleta wageni Napoli, je, mpangaji wa Quartieri Spagnoli kaletewa nini?

Katikati ya uso wa Diego Maradona kuna dirisha, na hilo si fumbo. Mchoro ule mkubwa wa Via Emanuele De Deo, mjini Napoli, ulichorwa ukutani mwaka 1990 na kijana wa mtaani, Mario Filardi, timu ya mji ilipotwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya pili. Miaka ikapita, rangi ikababuka, na palepale kichwani pakatobolewa dirisha. Nyumba inahitaji hewa, Maradona au si Maradona. Mchoro ulipofufuliwa mwaka 2016, na uso kuchorwa upya mwaka uliofuata na Francisco Bosoletti wa Argentina, ilibidi sura ipakwe juu ya mbao za kufungia dirisha lile. Aliye ndani akifungua apunge upepo, shujaa anapasuka uso mbele ya umati uliopanga foleni kupiga picha.

Ugomvi wote wa Quartieri Spagnoli, mtaa wenye mchoro huo, kama watalii wamewaletea wenyeji neema au hasara, naona uko kwenye dirisha hilo. Ukuta umekuwa wa watazamaji, lakini chumba kina mwenyewe.

Mtaa huu ni wavu wa vichochoro usiofika kilomita moja ya mraba, magharibi ya barabara ya Via Toledo, ukipanda mlima hadi Corso Vittorio Emanuele. Aliyeuanzisha ni Pedro de Toledo, aliyetawala Napoli kwa niaba ya mfalme wa Hispania kuanzia mwaka 1532 na kutaka pahala pa kulaza askari. Kabla ya hapo palikuwa na miforsadi, na ndiyo maana hadi leo kuna uchochoro uitwao Vico Lungo Gelso, gelso ikiwa ni mforsadi. Askari walikuja na yale yanayofuatana na askari kokote, yaani ulevi, kamari na madanguro, na sifa hiyo mbaya ikaganda kwa karne nne. Tetemeko la Novemba 1980 likatikisa majengo ambayo tayari yalikuwa hoi, na kuta zikaegemea vyuma miaka na miaka. Camorra, magenge ya kihalifu ya Napoli, nao walikuwa na maskani yao humo. Mgeni aliyeshuka hotelini aliambiwa atembee Via Toledo atakavyo, ila asipinde kulia kupanda mlima.

Leo anapinda. Kituo cha treni ya chini cha Toledo kilifunguliwa mwaka 2012, na mwaka uliofuata ukafunguliwa mlango wake wa kutokea wa Montecalvario, unaokutema katikati ya mtaa wenyewe. Kisha tarehe 25 Novemba 2020 Maradona akafariki, watu wakaanza kumiminika chini ya ule mchoro na mishumaa, skafu na barua. Ubingwa wa 2023, wa kwanza tangu enzi zake, ukafanya kiwanja kile kidogo kuwa mahali pa ziyara, na ule wa 2025 ukazidisha. Sasa kuna vibanda vya jezi, sumaku za friji, pembe nyekundu za kufukuza kijicho, na meza za spritz, kileo cha rangi ya chungwa, katika glasi za plastiki.

Wanaosema neema imeingia wana hoja nzito, na wengi wanaowabeza hawajawahi kutafuta kazi Napoli. Serikali ya Italia ilipoanzisha posho ya wasio na kipato mwaka 2019, mkoa wa Napoli ndio uliokuwa na wapokeaji wengi kuliko mikoa yote. Posho hiyo ikafutwa mwisho wa 2023. Kijana aliyekuwa akiitegemea leo anakaanga samaki wadogo na kuwauza ndani ya karatasi iliyokunjwa kama ya karanga zetu, na jioni ana pesa mfukoni. Shangazi yake anasafisha vyumba vya wageni. Taa zinawaka, watu wanapita hadi usiku wa manane, na binti anatembea mahali ambapo bibi yake alipita mbio. Hayo si madogo. Anayelilia Quartieri za zamani aulizwe kwanza kama alipata kulala humo.

Sasa tuingie ndani, kwenye basso.

Basso, au vascio kwa kinapoli, ni chumba cha chini kinachofungukia moja kwa moja uchochoroni. Mara nyingi mlango ndio dirisha, ndio bomba la moshi, ndio televisheni. Kitanda, jiko na picha ya marehemu vyote viko hatua mbili kutoka kwa mpita njia. Kwa kuwa ndani hapatoshi, kiti hutolewa nje, na pakitoka kiti kimoja hutoka cha pili. Mpwani anayejua baraza za Mji Mkongwe au za Lamu hahitaji kuelezwa zaidi: nje ya nyumba ndiyo sebule, na aliyeketi pale ni mlinzi, mtangazaji wa habari na mlezi wa watoto wa jirani bila kulipwa senti. Basso ilikuwa duka pia. Baada ya vita vya pili vya dunia zilitoka humo sigara za magendo, na baadaye maji, sabuni na peremende. Aliye ghorofani hakuhitaji kushuka ngazi, alishusha kikapu kwa kamba, panaro, na pesa ndani yake.

Uchangamfu unaosifiwa na kila kitabu cha watalii ulitoka kwenye milango hii. Nyumba nyingine za Italia zina ua uliofichwa nyuma ya lango, lakini hapa maisha yaliwekwa nje kwa sababu ndani hakukuwa na nafasi. Umaskini ulizaa ujirani. Nalisema hilo bila kuusifu umaskini: vyumba vile vina unyevunyevu, jua halivifikii, na hakuna daktari angemshauri mtu alee kichanga mle.

Na hivi ndivyo vyumba vinavyogeuzwa kwanza. Mgeni anataka kushuka mlangoni na kuwa tayari mtaani, na basso inampa hicho. Rangi nyeupe, bafu jipya, picha ya Maradona ukutani, kisanduku cha funguo chenye namba pembeni ya mlango. Mwenye nyumba naye ana hesabu zake. Mkataba wa kawaida wa kupangisha nchini Italia ni miaka minne, na mingine minne juu yake, na mpangaji akikwama kulipa kumtoa ni safari ya mahakamani. Mgeni wa siku tatu analipa kabla hajafika. Kodi ya mapato ni asilimia 21 kwa nyumba ya kwanza, na tangu 2024 asilimia 26 kwa ya pili, kiwango ambacho hakimtishi mwenye nyumba.

Hapa ndipo wachambuzi wa pande zote mbili wananichosha kidogo. Wanazungumza juu ya “wenyeji” kana kwamba wote ni kitu kimoja. Mwenye mlango na mpangaji wanaishi uchochoro mmoja, wanashangilia timu moja, ila utalii unawagawa kama kisu. Wa kwanza anakula huku na huku. Wa pili anapata kazi ya kuwahudumia wageni kwa mkono mmoja na barua ya kuhama kwa mkono mwingine. Inawezekana kabisa, ndani ya ukoo mmoja, mwana anauza spritz kwa wageni wale wale ambao vyumba vyao ndivyo vilivyomwondoa mama yake. Anapoambiwa mtaa umeendelea atajibu nini?

Sisi wa pwani tunaijua ngoma hii. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, miaka mitano baada ya kitovu cha kale cha Napoli, na nyumba za ukoo zimekuwa hoteli moja baada ya nyingine. Na Malindi, ambako Waitaliano wenyewe ndio waliokuja kununua viwanja, vijana wa ufukweni wanaongea Kiitaliano kilichonyooka. Wamepata riziki, ndiyo. Ardhi ya ufukweni je?

Dawa zinazojaribiwa Italia hazinishawishi sana. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya wageni lazima iwe na namba ya utambulisho ya kitaifa. Ni jambo jema kwa mkusanya kodi, lakini namba haimrudishi mpangaji. Venezia mwaka 2024 ilianza kutoza euro 5 kwa mgeni wa kutwa katika siku maalumu, na mgeni akalipa akaingia. Firenze mwaka 2023 ilizuia nyumba mpya za kupangisha kwa siku ndani ya eneo lake la urithi. Hiyo ina meno, ila inawalinda waliowahi. Aliyekwisha kugeuza vyumba kumi jana ameachiwa soko bila mshindani.

Mimi ningeanzia chini, kwenye basso. Isigeuzwe chumba cha wageni, basi. Lakini najua jibu nitakalopewa, nami nalikubali nusu: kumfungia mjane kwenye chumba chenye ukungu ili wapiga picha wapate cha kupiga ni ukatili mwingine. Ndiyo maana zuio peke yake halitoshi. Ile tozo ya kila usiku inayolipwa na wageni ilipaswa kumtafutia mjane huyo nyumba yenye jua, ghorofa ya pili au ya tatu, humo humo mtaani, kisha basso iwe karakana, duka au darasa la watoto. Si ndoto. Hatua chache kutoka ule mlango wa treni, jengo la kale la watawa wa Montecalvario limegeuzwa na wakfu uitwao FOQUS kuwa na kituo cha watoto wachanga, shule na huduma kwa watoto wenye ulemavu. Jengo lile lingeweza kuwa hoteli nzuri sana.

Wanaotetea soko huria watasema nyumba ni mali ya mtu. Ni kweli, lakini kinachouzwa pale si kuta. Mgeni hakusafiri kutoka Berlin kuja kuona chokaa. Anataka kelele za akina mama, kikapu kinachoning'inia, nguo zilizoanikwa kutoka ukuta hadi ukuta, na hivyo vyote vinatengenezwa bure na watu wasio na hisa katika biashara hiyo.

Nguo hasa. Uchochoro mmoja juu ya Via De Deo nilisimama nikitazama kamba. Ya kwanza ilikuwa na jezi ya mtoto, suruali ya kazi, sidiria na taulo lililochanika. Nne zilizofuata zilikuwa na mashuka meupe matupu, yote ya ukubwa mmoja, na chini yake Wajerumani wawili walikuwa wakiyapiga picha.