Neno tunalo, viti hatuna

Tarehe 16 Aprili 2025 nilitoka zamu ya usiku hapa Glasgow, nikalala saa tatu asubuhi, nikaamka mchana na kukuta kikundi cha familia cha WhatsApp kina jumbe mia na ushee. Nilidhani kuna msiba. Kumbe Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikuwa imetoa uamuzi kuhusu nani ahesabiwe mwanamke kisheria. Baba mdogo alikuwa ameandika, "Hatimaye Wazungu wamekubali mwanamke ni mwanamke," akaongeza safu nzima ya mikono inayopiga makofi. Wanaume wa ukoo wetu, ambao sijawahi kuwaona wakishangilia jambo lolote la wanawake, walikuwa wakipongezana kana kwamba Kipchoge amevunja rekodi nyingine.

Shangazi yangu yumo kwenye kikundi hicho. Hakuandika neno.

Nimeishi Uskoti miaka kadhaa, nalea wazee. Mjadala huu umenipitia kazini, kwenye basi, na kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko ambayo haizimwi. Najua wengi nyumbani wameupata vipandevipande, kipande cha vyoo na kipande cha magereza, kwa hiyo acheni nianzie pale kesi yenyewe ilipoanzia, maana hapo ndipo mimi nilipocheka.

Ilianzia kwenye viti. Mwaka 2018 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kutaka nusu ya wajumbe wa bodi za mashirika ya umma, wale wasio watendaji, wawe wanawake. Sheria hiyo iliwahesabu pia baadhi ya watu waliozaliwa wanaume na sasa wanaishi kama wanawake. Kikundi kiitwacho For Women Scotland kikaenda mahakamani. Tafsiri ile ikafutwa, serikali ikatoa mwongozo mpya kwamba mwenye cheti cha kutambuliwa jinsia, yaani hati rasmi ya aliyebadili jinsia, ndiye atakayehesabiwa, kikundi kikarudi mahakamani, kikashindwa mara mbili Edinburgh, kikakata rufaa hadi London. Huko majaji 5 wakasema kwa kauli moja kwamba katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 neno "mwanamke" lina maana ya jinsia ya kuzaliwa, uwe na cheti au usiwe nacho. Aliyesoma uamuzi, Lord Hodge, alionya watu wasiuchukue kama ushindi wa kundi moja dhidi ya jingine, akakumbusha kwamba aliyebadili jinsia bado analindwa na sheria hiyo hiyo asibaguliwe. Sehemu hiyo haikufika kwenye kikundi chetu cha familia.

Sasa Mkenya asome tena. Miaka kadhaa ya mahakama, mawakili wa bei ya dhahabu, taifa zima kugawanyika, na chanzo ni nani ahesabiwe katika nusu ya viti vya wanawake. Nusu! Sisi Katiba ya 2010, Ibara ya 27, inaomba theluthi moja tu: chombo chochote cha kuchaguliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Mahakama yetu ya Juu ilisema mwaka 2012 kwamba jambo hilo liwe limetimizwa kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikapita. Mswada ukaletwa, wabunge wakaenda chai, akidi ikakosekana. Ukaletwa tena, kura 233 zinazohitajika kubadili Katiba hazikupatikana. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kuikiuka Katiba, na Bunge halikuvunjwa. Uchaguzi wa 2022 ulitupa magavana wanawake 7 kati ya 47, nao tuliwapigia vigelegele, lakini katika majimbo 290 ya Bunge la Taifa wanawake waliochaguliwa walikuwa karibu 30. Viti 47 vya wawakilishi wa wanawake vinajazia kidogo, na bado theluthi haifiki.

Na katika miaka yote hiyo hakuna mbunge hata mmoja aliyesimama kusema kwamba tatizo ni kutojua mwanamke ni nani. Wanatujua vizuri sana. Hapa Uskoti wana viti, wakagombania neno. Sisi neno tunalo, viti hatuna.

Nisionekane nawadharau wanaogombania neno. Mwanzoni niliwadharau, kwa kweli. Niliona ni ugomvi wa watu walioshiba. Kilichonibadilisha ni kazi yangu.

Katika nyumba ya wazee, kila mmoja ana faili la mpango wake wa malezi, na ndani yake kuna mahali pa kuandika kama anataka aoshwe na mwanamke au na yeyote aliye zamu. Tuna bibi mmoja wa miaka 91 ambaye faili lake linasema wanawake tu. Sababu alinieleza mara moja, usiku, taa ikiwa imezimwa, wala hakuirudia. Kwake yeye neno "mwanamke" katika faili lile ni mlango wenye komeo. Akija mtu wa kumwambia kwamba neno hilo sasa lina maana pana zaidi, yeye atasikia komeo likitolewa. Huwezi kumwita huyo bibi mtu wa chuki.

Katika jengo hilo hilo kuna mfanyakazi mwenzangu wa chumba cha kufulia, aliyezaliwa mwanamume, anaishi kama mwanamke tangu kabla mimi sijafika nchi hii. Ndiye aliyenifundisha kusoma hati ya mshahara wa hapa na kugundua nilikuwa nakatwa kodi kupita kiasi. Alinisimulia safari ya cheti. Sheria ya mwaka 2004 inataka uwe na miaka 18, uthibitisho wa madaktari, ushahidi wa miaka 2 ya kuishi katika jinsia hiyo, na kiapo kwamba utabaki hivyo hadi kufa. Makaratasi yanakwenda kwa jopo ambalo kwa kawaida halikuoni hata uso, linakusoma tu. Ada ilikuwa pauni 140, ikashushwa hadi 5 mwaka 2021, lakini yeye anasema pesa haikuwa shida. Shida ilikuwa kukusanya bili za umeme na barua za benki ili wageni waamue kama maisha yako yametokea kweli. Alifika nusu akaacha.

Watu kama yeye ndio waliolengwa na mswada wa Uskoti wa kujitambulisha. Ungeondoa madaktari, ungepunguza miaka 2 hadi miezi 3 pamoja na miezi mingine 3 ya kutafakari, na ungeshusha umri hadi miaka 16. Ulipita tarehe 22 Desemba 2022 kwa kura 86 dhidi ya 39, baada ya vikao vilivyokesha hadi baada ya saa sita usiku, wanawake wakipaza sauti za hasira kutoka roshani ya wageni. Mwezi uliofuata serikali ya London ikauzuia kwa kutumia kifungu cha 35 cha Sheria ya Uskoti, kinachoiruhusu kuzuia mswada wa Bunge la Uskoti usiwe sheria, kwa mara ya kwanza tangu kifungu hicho kiandikwe mwaka 1998. Wakati huo huo mtu aliyepatikana na hatia ya ubakaji, na ambaye alikuwa ameanza kujitambulisha kama mwanamke baada ya kushtakiwa, akapelekwa kwanza kwenye gereza la wanawake kabla ya kuhamishwa haraka. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyesikiliza habari za bili za umeme.

Maoni yangu ndiyo haya, na najua yataudhi pande zote mbili. Mswada ule haukukosea kutaka kurahisisha makaratasi. Ireland wanajitangazia tangu 2015, Argentina tangu 2012, na Ujerumani tangu Novemba 2024 mtu anaenda kwa msajili, anatoa taarifa miezi 3 mapema, anasaini. Kosa lilikuwa kukataa kuandika, kwa maneno ya wazi, cheti hiki kinafungua mlango upi na hakifungui upi. Wanawake walipouliza kuhusu magereza, hifadhi za waliopigwa na wodi, walijibiwa kwamba swali lenyewe ni ubaguzi. Mimi nimetoka nchi ambayo mwanamke akiuliza swali kwenye baraza anaambiwa akapike. Kumwambia ana chuki ni namna ya kisasa ya kumwambia akapike. Serikali ikakwepa kuandika, mahakama ikaandika kwa niaba yake, na mahakama huandika kwa kalamu nene. Wiki ya uamuzi niliona mwenzangu wa chumba cha kufulia ameacha kunywa chai zamu nzima. Sikumuuliza. Ukifanya kazi saa 12 na hujui tena choo chako ni kipi, utakunywa nini?

Bibi wa miaka 91 na fundi wetu wa kufulia hawajawahi kugombana. Mpango wa zamu unawatosha wote wawili: huyu hafui mtu, anafua mashuka. Inawezekana kuandika sheria yenye akili ya mpango wa zamu, ila mpango wa zamu haukupi kura.

Kuna jambo la lugha pia, la kuchekesha kidogo. Miaka yangu ya kwanza hapa nilikuwa nachanganya kila siku. "Yeye" yetu haina mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo kwa Kiingereza nilimwita mzee mwenye ndevu kwa kiwakilishi cha kike na bibi kwa cha kiume, na msimamizi akadhani nina msimamo wa kisiasa. Hapana, dada, nina Kiswahili. Lakini msidhani kwamba kwa kuwa "yeye" wetu ni mmoja basi mambo yetu ni mepesi. Hati ya shamba haiandikwi kwa viwakilishi.

Ndiyo maana nacheka wanaposema haya ni mambo ya Wazungu. Kwetu Nandi mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe wa mahari, anamleta msichana nyumbani, watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, na wa kiume atarithi. Mbele ya ukoo, mwoaji anahesabiwa mwanamume. Nilimjua mmoja utotoni: alichuma mboga na kukamua kama mama yeyote, ila siku ya posa ya binti wa nyumba yake wageni walimwelekea yeye kama baba mwenye mji. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo na kumpa mke haki ya kurithi. Sisemi mama yule ni sawa na mwenzangu wa chumba cha kufulia. Mama yule hakujiona mwanamume, na angekupiga fimbo ukimwambia hivyo. Nasema wazee wetu walikuwa na utaratibu wa kumwandika mwanamke mwanamume, na waliuweka kwa sababu moja: ardhi haikumfikia akiwa mwanamke.

Na wapo wengine kwetu, ambao kikundi cha familia hakiwazungumzii. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 1,524 wenye jinsia mbili, kwa mara ya kwanza. Audrey Mbugua alilazimika kulishtaki baraza la mitihani ili jina kwenye cheti chake cha sekondari lilingane na mtu anayekibeba, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaamuru jina libadilishwe na alama ya jinsia iondolewe. Nitafutieni mwanamke wa Kenya aliyepoteza kiti, shamba au mshahara kwa sababu ya cheti kile. Ninapoona wanasiasa wetu wakilibeba gomvi la Uingereza zimazima kulileta Nairobi, najiuliza wanakificha nini chini yake. Januari 2024 wanawake walijaa barabarani kupinga mauaji ya wanawake wenzao, na waliouawa hawakuuawa na watu wa vyeti.

Kura yangu ya diaspora, kwa taarifa yenu, ni ya rais pekee. Mwakilishi wa wanawake wa kaunti yangu siwezi kumchagua kutoka huku, lakini Bunge la Uskoti, lililopitisha ule mswada, naruhusiwa kulipigia kura.

Basi siku ile ya jumbe mia, kabla sijanawa uso, nilijibu. Niliandika kwa adabu: "Shikamoo baba mdogo. Nimefurahi tumekubaliana mwanamke ni nani. Shangazi ni mwanamke, na ni mtoto wa marehemu babu kwa mujibu wa Sheria ya Urithi na Katiba ya 2010, ingawa aliolewa. Sehemu yake ya shamba itapimwa lini?"

Alama mbili za buluu zikaonekana. Dakika ishirini kimya. Kisha binamu mmoja akatuma picha ya maua na mstari wa Zaburi, mwingine akauliza kama kuna mtu ana namba ya fundi wa matangi, na maisha yakaendelea.

Usiku, nikiwa navaa sare ya kazi, ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa shangazi, kwa faragha. Alicheka kwanza, kicheko kirefu cha mtu anayefuta machozi kwa kanga. Kisha akaniuliza mpimaji ardhi siku hizi anatoza pesa ngapi, na kama lazima kaka yake awepo siku ya kupima.