Hattie McDaniel na hesabu ya dola 700

Wanaomtetea Hattie McDaniel, mwigizaji Mweusi wa Hollywood aliyelaumiwa kwa kuigiza vijakazi, huanza na kauli yake moja, inayonukuliwa kwa maneno tofautitofauti lakini hesabu yake ni ileile: afadhali kuigiza mtumishi wa ndani kwa dola 700 kwa wiki kuliko kuwa mtumishi wa ndani kwa dola 7. Ni jibu tamu. Lina kejeli, lina ukweli, na linamfunga mdomo yeyote ambaye hajawahi kufua nguo za watu ili ale. Nami nimelitumia kwenye mabishano zaidi ya mara moja, kabla sijaona kwamba hesabu yenyewe imeruka mstari.

Tumsikilize yeye kwanza, maana hakuwa akitunga. Alizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1893, kitinda mimba wa watoto 13, na wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Akakulia Colorado, akaimba na bendi, akarekodi nyimbo za bluzi. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929, kazi za muziki zikakauka, akajikuta Milwaukee akihudumu katika choo cha wanawake cha klabu moja ya usiku, mpaka alipopewa nafasi ya kupanda jukwaani. Alipohamia Los Angeles mwaka 1931 bado alifanya kazi za ndani huku akingoja kuitwa studio. Aliposema dola 7, alizijua.

Kisha ikaja filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939, ambamo aliigiza Mammy, yaya mtumwa katika nyumba ya wenye mashamba ya pamba huko Georgia. Filamu ilizinduliwa Atlanta tarehe 15 Desemba mwaka huo bila waigizaji wake Weusi, kwa sababu ya ubaguzi wa huko. Tarehe 29 Februari 1940, hafla ya Oscar ilifanyika katika hoteli isiyopokea Weusi. Mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, ilibidi aombe ili McDaniel aruhusiwe kuingia, na alipoingia aliketishwa kwenye meza ndogo ukutani, mbali na wenzake. Alitoka na tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, Mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Mwanamke Mweusi aliyefuata kushinda ya uigizaji, Whoopi Goldberg, aliipokea mwaka 1991.

Upande wa pili alisimama Walter White, katibu mtendaji wa NAACP, chama kilichokuwa kikipigania haki za Weusi. Mwaka 1942 White alikwenda Hollywood kuwabana wakubwa wa studio: wapunguze vijakazi na wachekeshaji, wawaonyeshe Weusi kama watu wa kawaida wenye kazi na familia zao. Ukimtazama Mammy kwa macho ya White, shtaka ni zito. Hana jina, kwani Mammy ni kazi yake. Hana mume, hana mtoto, hana kwao. Akicheka anacheka kwa ajili ya waliommiliki, akilia analia kwa ajili yao. Ni kweli kwamba humkaripia binti wa nyumba na kumwambia makosa yake usoni, na McDaniel aliupa ukali huo uhai ambao maandishi matupu yasingeupata. Lakini ukali wenyewe ni wa kulinda heshima ya nyumba ya bwana.

Hapo ndipo ulipo mstari ulioruka. Dola 700 ziliingia mfukoni mwa McDaniel. Gharama ya Mammy ilibebwa na wale wa dola 7, ambao matajiri wao walitoka sinema wakiamini kwamba mtumishi mzuri ni yule asiye na nyumba ya kurudi jioni. Kwa hoja hiyo nampa White haki yake yote.

Namna alivyoiendesha ni jambo jingine. Alizungumza na wenye studio, na waigizaji wakaona ugali wao unajadiliwa mezani wao wakiwa nje. Tena kulikuwa na donda la rangi ambalo halikuhitaji kutajwa. White alikuwa Mweusi mwenye ngozi nyeupe, macho ya bluu na nywele za kimanjano, kiasi kwamba aliwahi kupita Kusini mwa Marekani akichunguza mauaji ya Weusi huku akidhaniwa Mzungu. Nyota aliyempigia debe, mwimbaji Lena Horne, alikuwa mwembamba, kijana, mweupe wa ngozi. McDaniel alikuwa mweusi hasa, mnene, anakaribia miaka 50. Katika nafasi yake hata mimi ningenuna.

Na waliofuata njia nyingine walipata nini? Horne alipewa mkataba na studio ya MGM bila kulazimika kucheza kijakazi, lakini mara nyingi nyimbo zake zilipigwa picha kando ya hadithi, ili sinema za Kusini ziweze kumkata bila filamu kuharibika. Mwigizaji wa kike Fredi Washington, Mweusi pia, alikuwa mweupe wa ngozi kiasi kwamba mwaka 1933, katika The Emperor Jones, alipakwa rangi ya kumtia weusi, wasije watazamaji wakadhani mwigizaji mwenzake Mweusi, Paul Robeson, amemshika mwanamke wa Kizungu. Angeweza kujifanya Mzungu, alikataa. Studio zilizokuwa zimekatazwa kuonyesha mapenzi kati ya Mweusi na Mzungu hazikujua zimweke wapi, na filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1937. Evelyn Preer naye aliigiza mwalimu anayesaka fedha za shule ya Weusi katika filamu ya mwongozaji Oscar Micheaux ya mwaka 1920, kazi ya Mweusi kwa ajili ya Weusi. Picha zilizo bora kuliko Mammy zilikuwapo, ila zilikosa fedha na kumbi.

Kwa hiyo ugomvi wa White na McDaniel, naona, uliwafaa zaidi wenye studio. Walioandika Mammy na kumlipia walikaa pembeni wakiwatazama Weusi wakihukumiana.

Kuna jambo ambalo wakosoaji wake hulipita haraka mno. McDaniel alinunua nyumba West Adams Heights, mtaa wa Los Angeles uliopewa jina la utani Sugar Hill. Majirani Wazungu walishtaki ili Weusi waondolewe, wakitegemea masharti ya hati za viwanja yaliyokataza kuwauzia. Mama huyu aliyeonekana kwenye filamu akimfunga bibi mdogo mikanda ya gauni aliwakusanya majirani zake nyumbani kwake, wakapambana wakiwa na wakili Loren Miller. Desemba 1945 jaji Thurmond Clarke aliitupa kesi, akisema Weusi wana haki kamili chini ya katiba. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi tena kutekeleza masharti kama hayo, na Miller alikuwa miongoni mwa mawakili wa kesi hizo. Nyumba ile ilinunuliwa kwa fedha za vijakazi wa kuigiza. Haimfuti Mammy, lakini siwezi kumhesabu McDaniel mtu aliyelala wakati wenzake wakipigana.

Hata redioni, alipoanza kuigiza mhusika mkuu wa kipindi cha Beulah mwaka 1947, hakukubali kuongea kile Kiingereza cha kuvunjikavunjika ambacho waandishi waliwapa vijakazi. Beulah alikuwa kijakazi vilevile. Ushindi wake wote ulikuwa na umbo hilo.

Mwaka 2014 Mkenya Lupita Nyong'o alipokea tuzo ileile ya mwigizaji msaidizi, naye kwa kuigiza mtumwa, Patsey, katika 12 Years a Slave. Anayetaka kusema hakuna kilichobadilika atakuwa na ushahidi mkononi. Lakini azitazame filamu zote mbili. Mammy anapanda ngazi akilia kwa ajili ya mtoto aliyekufa wa bwana. Patsey anakwenda shamba la jirani kutafuta kipande cha sabuni, kwa sababu bibi yake amemnyima na anataka kuosha mwili wake mwenyewe, na kwa hilo anachapwa.