Mimi Mwenye Tarehe Mbili za Kuzaliwa

Mwaka mpya huu bibi jirani yangu hapa Nagoya ameniletea farasi mdogo wa udongo, ukubwa wake kama yai, mwenye kengele tumboni inayolia ukimtikisa. Kwa hesabu ya Wajapani mwaka 2026 ni mwaka wa Farasi, na kila aliyezaliwa mwaka 1990 ni Farasi pia, kwa hiyo mwaka huu ni wangu. Aliinama kunipongeza, nami nikainama kumshukuru, kisha nikafunga mlango na kukaa nikicheka peke yangu, kwa sababu mimi si Farasi. Farasi ni pasipoti yangu. Mama alinizaa mwaka 1988, na kwa hesabu hiyohiyo mimi ni Joka.

Ningeiacha zawadi ile ipite kama utani wa maisha ya ugenini, lakini bibi huyu amenitia katika jambo ambalo tangu Desemba haliniachi nilale. Ni mshabiki wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ule wa madoido, na kwa misimu mitatu sasa ameniburuta nyuma ya msichana mmoja anayeitwa Mao Shimada. Ana daftari la mistari ambamo kila mruko wa msichana huyo una alama yake: duara ni mruko uliotua vizuri, pembetatu ni ule uliotetereka, na msalaba ni kuanguka. Msimu wa vijana huanza mwishoni mwa Agosti, wakati joto la hapa bado linamlaza mtu sakafuni bila shuka, na bibi huanza ukurasa mpya. Desemba sita bora hukutana kwenye fainali, na kati ya Februari na Machi hufuata ubingwa wa dunia wa vijana. Nimejifunza Kijapani kingi zaidi katika daftari lile kuliko katika darasa nililolipia.

Shimada alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana Calgary mwaka 2023, akautwaa tena Taipei mwaka 2024, akautwaa tena Debrecen mwaka 2025, na mara zote tatu aliyesimama nafasi ya pili alikuwa msichana yuleyule wa Korea Kusini, Shin Ji-a, ambaye bibi humhurumia kiasi cha kumpa naye kurasa zake. Desemba iliyopita fainali ya vijana ilifanyika hapahapa Nagoya, katika ukumbi mpya wa IG Arena. Tulikwenda na blanketi, darubini na wali wa kufinyanga uliofungwa kwa mwani. Watu wazima, wengine wenye mvi, walikuwa wametundika kwenye vizingiti vya jukwaa mabango ya kitambaa yaliyoshonwa kwa mkono, yenye majina ya watoto ambao hata hawajamaliza shule. Shimada akachukua fainali ile kwa mara ya nne mfululizo, na bibi akachora duara lake la mwisho akitetemeka mkono.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe. Wiki mbili baadaye, katika mashindano ya taifa jijini Tokyo, msichana huyu alishindana na wakubwa na akawa wa pili, nyuma ya Kaori Sakamoto peke yake. Usiku ule majina ya wanawake watatu wa kwenda Olimpiki ya Milano yakatangazwa, na lake halikuwamo. Halikuwamo kwa sababu sheria ya sasa inamtaka mtelezaji awe ametimiza miaka 17 kabla ya tarehe 1 Julai ya mwaka uliotangulia michezo, na Shimada alizaliwa tarehe 30 Oktoba 2008. Amepungukiwa miezi minne. Ami Nakai, ambaye kule Calgary alikuwa wa tatu nyuma yake, alizaliwa Aprili mwaka huohuo, na yeye anakwenda. Shin Ji-a ni wa Machi, na sheria haina neno naye. Bingwa wao wa miaka mitatu atakaa nyumbani kutazama televisheni, ilhali siku ya mashindano yenyewe atakuwa tayari na miaka 17.

Nilikaa nikisubiri bibi alipuke, kwa maana mimi nilikuwa nimeshalipuka kimoyomoyo. Yeye akamenya chungwa, akanipa nusu, akasema, "Amezaliwa Oktoba." Basi. Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Msomaji wa nyumbani anajua akili yangu ilikwenda wapi, na sina haja ya kumzungusha. Mahali fulani ofisini lazima kuna mtu. Lazima kuna fomu ya kurekebisha, kiapo cha mahakamani, shangazi aliyeshuhudia kuwa mtoto alizaliwa kabla ya msimu wa mvua na si baada yake. Miezi minne tu! Kwetu miezi minne hata haihesabiwi kuwa uongo. Kwetu mtu hupunguziwa miaka minne, na akina sisi tuliosimama pembeni ya uwanja tukimtazama kijeba mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi akiwapiga chenga watoto tunacheka na kusema, huyu ana mke na mtoto anasoma chekechea.

Najua mnachoandaa kunijibu. Mtasema nimekunywa chai ya kijani nikasahau chai ya rangi. Mtasema Mjapani ana daftari la ukoo serikalini tangu enzi za babu zake, kila kizazi na kila kifo kimeandikwa, wakati mama zetu walijifungulia nyumbani kwa mkunga asiyekuwa na kalamu, na tarehe ikatafutwa baadaye kwa kukumbuka njaa au uchaguzi. Hilo nalikubali lote, na ninalijua kuliko wengi wenu. Lakini tusidanganyane kwamba tunazungumzia watu wasiojua tarehe zao. Asiyejua tarehe yake angekosea huku na huku, mara azidishe, mara apunguze. Sisi hukosea upande mmoja tu, na daima ni upande wenye faida.

Wala sisemi kwamba watu wa hapa ni malaika. Bibi amenisimulia jinsi nchi nzima ilivyonung'unika mwaka 2005, wakati Mao mwingine, Mao Asada wa hapahapa Nagoya, alipowashinda wakubwa katika fainali ya Grand Prix akiwa na miaka 15 na bado akazuiwa kwenda Olimpiki ya Turin kwa sababu ya siku 87. Shimada mwenyewe amepewa jina la Mao kwa ajili yake, na jina limemrithisha hadi mkosi. Watu walitaka sheria ilegezwe, wakaandika, wakasema hadharani kwamba ni upumbavu. Walichobishania kilikuwa sheria. Katika simulizi zote za bibi sijasikia hata mmoja aliyependekeza kwamba pengine Asada alizaliwa Juni.

Na sheria yenyewe haikutoka hewani. Mwaka 2022, kule Beijing, dunia ilimwona Kamila Valieva wa Urusi, mtoto wa miaka 15, akianguka na kuanguka tena kwenye barafu huku kashfa ya dawa zilizokatazwa ikiwa imemzunguka, na watu wazima waliomfikisha pale wakiwa wamesimama kando. Juni ya mwaka huo mkutano wa shirikisho la mchezo huo huko Phuket ukapiga kura 100 kwa 16 kupandisha umri kutoka 15, kwanza hadi 16, kisha hadi 17. Kwa hiyo Shimada analipa deni la mtoto mwingine. Ninaona ni uonevu kwake, na bado ninaona ni sheria nzuri.

Nilipompigia simu mdogo wangu, ambaye anafundisha timu ya watoto mtaani kwetu, nikamweleza haya yote kwa shauku, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Kaka," akasema, "mwaka jana nilipeleka watoto wa kweli, wa umri wa kweli, tukafungwa saba. Nikavunjiwa timu. Wazazi wakanihamishia watoto kwa mwalimu mwenye vijeba. Sasa huyo bibi yako aje anifundishie."

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya kuwa nimelipata baadaye. Ninachojua ni kwamba hesabu yake haiishii mtaani. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya soka ya vijana wa chini ya miaka 17, waliwahi kuenguliwa katika fainali za Afrika za Gambia za mwaka 2005 kwa sababu ya umri wa mchezaji, tukalia kwamba tumeonewa. Kisha wakaenda Gabon mwaka 2017 baada ya rufaa ya TFF, shirikisho letu la soka, dhidi ya Kongo Brazzaville kuhusu umri wa mchezaji wao, tukashangilia kwamba haki imetendeka. Tukiwa wenyeji mwaka 2019 tulifungwa mechi zote tatu pale Uwanja wa Taifa, nne kwa tano na Nigeria, bila kwa tatu na Uganda, mbili kwa nne na Angola, nami niliona fahari ya ajabu katika kufungwa kule, kwa sababu waliofungwa walionekana watoto. Guinea walifika fainali ya mashindano yale, kisha wakapoteza nafasi ya Kombe la Dunia la vijana. Wachezaji wao wawili waligundulika kuwa walikuwa wamecheza mashindano mengine mwaka 2017 wakiwa na tarehe tofauti za kuzaliwa katika pasipoti. Mnajua mashindano hayo yalifanyika wapi? Japani. Tarehe ziliachwa huku, zikatunzwa, zikangoja.

Habari hiyo ilinitia jasho kuliko ilivyostahili, na sababu yake ndiyo hiyo ya farasi. Nilipokuwa darasa la sita mwalimu wa michezo alitupanga mstari, akatazama miguu na si vyeti, akanipunguzia miaka miwili kwa kalamu ya bluu ili niingie timu ya wilaya. Sikuulizwa, lakini pia sikukataa. Nilipewa bukta nyekundu na soksi mbili zinazofanana, na nilikuwa sijawahi kuwa na soksi zinazofanana. Tarehe ile ikaingia kwenye orodha ya shule, kutoka shule ikaingia kwenye mtihani, kutoka mtihani ikaingia kwenye cheti kilichokatwa baadaye, na kutoka cheti ikapanda ndege. Winga wa kulia aliyekuwepo kabla yangu alikuwa mtoto wa umri halisi, mwembamba, mwenye mbio. Alikaa benchi siku zote nne. Siku ya mwisho aliniazima viatu vyangu apige picha.

Kwa hiyo anayesema ninawatazama watu wa nyumbani kutoka juu ajue kwamba mimi sina juu yoyote. Kila mwezi wa nne bibi huja na keki ya siku yangu ya kuzaliwa ya kwenye karatasi, ambayo hata mwezi si wenyewe, nami ninazima mshumaa wa mtu ambaye hakuzaliwa. Mama hunipigia mwezi wa kumi na moja na kuniambia, "Hongera baba, umekua," na siku hiyo ninakula wali peke yangu.

Machi tutakesha tena, kwa kuwa ubingwa wa dunia wa vijana uko Tallinn na saa za kule ziko nyuma ya zetu. Bibi ameshapiga mistari ya ukurasa. Pembeni mwa karatasi, kwa mwandiko wake mdogo, ameandika kwamba Asada ni Farasi wa mwaka 1990, na chini yake ameongeza jina langu, kwa sababu limemfurahisha. Nimepanga kumweleza usiku huo, katika mapumziko ya kusafisha barafu, ingawa sijajua nitatumia neno gani kwa "kijeba", maana katika Kijapani nilichojifunza halimo.

Farasi nimemweka juu ya friji. Kila friji inapoanza kunguruma, kengele yake inalia kidogo.