Upanga Nimerudisha

Kuanzia jana saa tano na dakika arobaini usiku mimi si shujaa tena. Sikuuawa, sikufukuzwa, wala zimwi halikunila. Nimejiuzulu kwa hiari yangu, kwa heshima zote, nikiwa nimevaa singlendi na bando limebaki MB 38. Upanga nimerudisha (nasema upanga wa chuma, si ule mtaa wa wenye lifti). Ngao nimeiuza vipande viwili vya dhahabu, nami niliinunua tisini kwa muuzaji yule yule, na bado alinitazama kama mimi ndiye niliyemdhulumu. Nilidhani tabia hii iko Ilala tu: ukinunua ni mali mpya, ukiuza ni chuma chakavu.

Jina la gemu silitaji. Wao wana mawakili, mimi nina mdomo tu. Ni haya ya mtandaoni mnayoingia maelfu kwa wakati mmoja, kila mtu anajichagulia kuwa mpiganaji, mchawi au mganga, unaanza fukara, unapanda levo. Nilianza na uganga. Mama Neema akauliza humo ndani nimekuwa nani, nikamjibu kwa fahari: mganga. Siku mbili chai haikuwa na sukari. Nikahamia upiganaji.

Aliyeniponza ni mpwa wangu. "Anko," alisema, "humo unakuwa mtu mwingine kabisa." Mtu mwingine! Nikamwona dhahiri huyo mtu: hadaiwi kodi, hatumwi na bosi, hapigiwi simu ya mchango wa harusi ya mtu asiyemjua. Nikalivuta gemu usiku wa manane, siku nne mfululizo, kwa bando la usiku, kama mtu anayekinga maji ya bomba la mtaa.

Kumbe mtu mwingine naye anatumwa. Tena anatumwa kuliko mimi. Mzee wa kwanza nilimkuta amesimama mlangoni kwake na alama ya mshangao ya manjano juu ya kichwa. Nikampa shikamoo kwa mazoea. Hakuitika. Akanituma nikamuulie panya kumi ghalani. Jirani yake akanituma uyoga. Mhunzi akanituma makaa. Kuna askari, ana mkuki, ana buti, kazi yake kusimama tu, naye akanituma nimpelekee barua askari mwenzake ambaye namwona kutoka pale pale niliposimama. Na wakati huo wote nyuma yangu, kwenye jiko letu la kweli, panya wa kweli alikuwa anatafuna mfuko wa unga, na Mama Neema ananitazama. Hakusema neno. Wiki ya tatu hii ananikumbusha yule panya.

Meno ya nguruwe pori niliyotumwa sitaki hata kuyakumbuka. Ukiua nguruwe, jino linadondoka kwa bahati ya asilimia 1. Mimi mtu wa hesabu za dukani nikasema basi, nikiua 100 nimepata. Nikaua 120. Mpwa akacheka: kila nguruwe anaanza hesabu upya, hana habari na wenzake waliotangulia, na katika kila watu 100 watakaoua nguruwe 100 kila mmoja, karibu 37 wataondoka mikono mitupu. Nikamuuliza kwa nini mimi kila mahali niko kwenye hao 37.

Mpwa anadai magemu ya zamani yalikuwa na mambo. Ananipa kisa cha mwaka 1997, gemu la Ultima Online likiwa kwenye majaribio kabla halijaanza kuuzwa. Mtengenezaji wake, Richard Garriott, kaingia akiwa mfalme, Lord British, kasimama anahutubia raia zake. Mfalme huyo hafi, ndivyo alivyotengenezwa. Ila siku hiyo kasahau kuwasha kinga. Mchezaji mmoja akamwashia moto miguuni, mfalme chali. Sasa hilo ndilo gemu! Mimi langu, hata kuku wa yule mzee humgusi. Upanga unampita tumboni kama moshi, yeye anadonoa.

Sasa jana. Nilikuwa levo ya 19, na levo ya 20 unapewa farasi. Nani hataki farasi? Wiki tatu natembea kwa mguu huku, nikirudi nyumbani natembea kwa mguu kule. Ilibaki kazi moja: kumsindikiza mfanyabiashara na punda wake kutoka msituni hadi lango la mji. Kusindikiza tu. Nimesindikiza maharusi, nimesindikiza maiti hadi Singida, huyu atanishinda nini?

Mwendo. Nikitembea, ananiacha. Nikikimbia, namwacha, na akiachwa hatua kumi anasimama na kulia, "Usiniache, ewe shujaa!" Kwa hiyo nakimbia, nasimama, nakimbia, nasimama, kama daladala linalotafuta abiria saa nne asubuhi. Nimewahi kumpokea mama mkwe stendi ya Mbezi, ana mabegi matatu na kuku wawili, na kwa kila muuza karanga anasimama kuuliza bei bila nia ya kununua. Yule mama, Mungu amtunze, ukimlinganisha na huyu bwana ni treni ya umeme. Halafu mama mkwe hachokozi mbwa.

Huyu anachokoza. Njia nyeupe kabisa, mbwa mwitu wamelala zao kule chini ya mti, hawana neno na mtu. Yeye anaacha njia, anawafuata, anafika, anauliza, "Je, shujaa, umesikia kitu?" Nimesikia! Nasikia mbwa mwitu wanne uliowaamsha wewe! Wanamrukia, anajishika kichwa, punda anaendelea kula majani. Punda hashambuliwi. Nimechunguza. Katika safari ile yote, mwenye maisha mazuri alikuwa punda.

Nashusha upanga. Kimya. Nashusha tena. Seva yao, yaani kompyuta inayoendesha gemu, iko Ulaya, kwa hiyo pigo langu linatoka sebuleni Tabata, linazama baharini, linapandisha na Bahari ya Shamu, linaibukia huko, mbwa anaulizwa kama amepigwa, ndipo jibu lirudi njia ile ile. Robo sekunde, siku ikiwa nzuri. Siku mbaya mnazijua. Ile Mei 2024 nyaya za intaneti zilipokatika baharini, hata picha za harusi kwenye magrupu zilikataa kufunguka. Mbwa mwitu hasubiri robo sekunde. Mfanyabiashara akafa hatua chache kabla ya daraja. Rudi msituni.

Safari ya pili tulivuka daraja, LUKU ikaisha. Nikakopa kwenye simu, nikanunua umeme wa elfu mbili. Safari ya tatu tumewapita mbwa, tumevuka daraja, tumewamaliza majambazi sita, nimebakiwa na uhai wa kuokoteza, lango lile pale, taa za mji naziona. Mfanyabiashara akaingia kati ya jiwe na uzio. Akakwama. Miguu inatembea, mwili hauendi. Namsukuma, wapi. Namzunguka. Nalipiga jiwe. Punda kashafika langoni peke yake, anatungoja.

"Unaongea na nani usiku huu?" Mama Neema kauliza kutoka chumbani.

"Na mfanyabiashara."

"Anataka nini?"

"Kwenda mjini."

Kimya kidogo. "Si aende?"

Wachezaji wakaanza kukusanyika kutazama, mmoja yuko juu ya farasi, bila shaka. Akaandika kwa Kiingereza kwamba jiwe hilo linajulikana, linakwamisha watu tangu mwezi wa tatu. Linajulikana? Basi mbona hamlitoi! Jiwe lenyewe la kuchora! Halitaki katapila, halitaki zabuni wala mgeni rasmi, ni kufuta tu! Mtaani kwetu kuna shimo tangu mvua za mwaka juzi, nalivumilia kwa sababu ni shimo la kweli, lina udongo, lina maji, lina mwenyekiti wa mtaa anayelijua. Lakini jiwe la kuchora? Nitoke kwenye shimo la bure nije kulipia GB ili nikwame kwenye jiwe ambalo halipo?

Hapo hapo kikafunguka kidirisha, kinauliza kama nimechoka, maana naweza kujinunulia farasi papo hapo kwa dola 5 kasoro senti. Jiwe lina miezi haliondoki, duka linafunguka kwa sekunde moja. Na simu nayo ikaita mlio: ndugu mteja, umetumia asilimia 90 ya kifurushi chako.

Nikafuta gemu. Kufuta nako si kazi ndogo. Una uhakika? Ndiyo. Una uhakika kabisa? Ndiyo. Wakaniomba nyota tano. Wakanipa na kisanduku cha kuandika sababu, nikaandika habari za jiwe kwa ustaarabu mkubwa, nilipofika "na kuhusu yule punda" herufi zikaisha.

Leo asubuhi nikaenda Kariakoo kutafuta gundi ya panya, kwa kuwa nimebakiwa na panya mmoja tu wa kushughulika naye. Muuzaji ananiambia ya elfu mbili ni ya panya wadogo, wakubwa wanaondoka nayo, nichukue ya elfu tano. Wanaondoka nayo kwenda wapi? Nikachukua ya elfu mbili. Kurudi, nauli 600, nimetoa buku, konda anasema chenji mbele ya safari. Mbele ya safari tumefika, anasema nisubiri achenji kwa mama wa maandazi, kugeuka gari hilo linaondoka, naye ananing'inia mlangoni anapunga mkono kama mheshimiwa. Mia nne yangu. Ni mrefu, kofia nyekundu, gari la Tabata, nyuma lina stika ya simba iliyobanduka nusu. Mkimwona, mnichukulie.