Mafundi, acheni kubana cheni za watu

Mtoto wa dada yangu amepata pikipiki ya mkataba, yaani inabaki ya bosi mpaka amalize kuilipia. Mpya kabisa, nailoni bado ziko kwenye siti. Kabla hajapakia hata abiria mmoja, wenzake wa kijiweni wakampeleka kwa fundi "akaifunge vizuri", kwa sababu siku hizi eti pikipiki ya dukani haijafungwa mpaka ipite kwa fundi wa chini ya mwembe. Akaja nayo hapa kwangu Kihonda, Morogoro, meno yote nje.

Nikachuchumaa, nikaingiza kidole chini ya cheni, nikaisukuma juu. Haikwenda. Nikasukuma kwa nguvu. Wapi! Cheni imekazwa mpaka ukiigonga na spana inalia. Na juu yake imemwagiwa oili chafu, nyeusi tii, inadondokea kwenye ringi mpaka kwenye tairi.

"Fundi kasema hii haichomoki ng'o, mjomba."

Ni kweli haichomoki. Itakatika.

Sijui nani alianzisha imani hii, ila imeota mizizi kila kijiwe kuanzia Msamvu hadi Bigwa: cheni inayocheza ni uzembe, cheni iliyobana ndiyo matunzo. Dereva akisikia cheni inagonga kava, mbio kwa fundi. Fundi naye hapimi. Anashika spana, anakaza nati huku na huku mpaka mkono ugome, anapokea chake, anayefuata! Hakuna rula, hakuna kuzungusha gurudumu, hakuna hata kuuliza pikipiki inabeba nini. Na hapo kwenye kubeba ndipo mambo yote yalipo, kwa hiyo nivumilieni, nitakaa hapo kidogo.

Gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono unaopanda na kushuka. Mkono huo umefungwa kwenye fremu, na mbele ya pale ulipofungwa kuna sproketi ndogo ya injini, yaani lile duara lenye meno linalovuta cheni. Pikipiki ikiwa tupu, mkono umelala kuelekea chini. Ukikaa wewe unapanda kidogo, akikaa abiria unapanda zaidi. Ukipiga mshikaki, abiria zaidi ya mmoja, na begi mbele, mkono unakaribia kunyooka sawasawa na sproketi ndogo. Sasa umbali kati ya sproketi ndogo na ekseli ya nyuma, kile chuma cha katikati ya gurudumu, unakuwa mrefu kuliko wakati wote pale vitu hivyo vitatu vinapokuwa kwenye mstari mmoja: sproketi, sehemu ulipofungwa mkono, na ekseli. Yaani mzigo wenyewe unaivuta cheni. Ule ulegevu unaouona pikipiki ikiwa tupu si uzembe wa mtu. Ni akiba, imewekwa kwa ajili ya mzigo.

Sasa fundi wetu ameshaila akiba yote pikipiki ikiwa imesimama tupu chini ya mwembe. Dereva anapanda Mgeta asubuhi, anashuka na kabichi zimefungwa hadi usawa wa masikio, barabara mashimo na mawe. Kila shimo mkono wa nyuma unataka kupanda, cheni inakataa. Kitu lazima kitoe. Siku ya kwanza hutaona kitu, na ndiyo maana fundi anaendelea kusifiwa. Ila beringi ya shafti ya sproketi ndogo inavutwa kila siku, beringi za gurudumu la nyuma nazo vivyo hivyo. Baada ya muda oili inaanza kuvuja pembeni ya sproketi ndogo, dereva anaambiwa "sili imekufa", ule mpira unaozuia oili isitoke. Sili inabadilishwa. Inavuja tena. Inabadilishwa tena. Hakuna anayejiuliza kwa nini shafti inayumba. Mwishowe injini inashushwa, na gharama ya kufungua gia boksi unaijua.

Na hiyo ndiyo nafuu. Cheni ikikatika kwenye mteremko inaweza kujikunja mbele kwenye sproketi ndogo ikavunja ganda la injini, au ikajisokota nyuma gurudumu likagoma kuzunguka. Una abiria mgongoni. Una kabichi. Nyuma yako kuna fuso.

Mwenye ubishi afanye jaribio hili, halihitaji shule. Simamisha pikipiki kwenye matairi yake, mtu aishike. Shika cheni ya chini katikati, isukume juu, ivute chini, uone inacheza kiasi gani. Kisha waambie wanaume wawili walioshiba wakae. Shika tena. Basi, darasa limeisha.

Kwa hizi pikipiki za cc 125 na 150 tunazopanda, vitabu vingi vya maelekezo vinavyokuja na pikipiki vinataka cheni icheze kati ya milimita 20 na 35, juu hadi chini, pale katikati ya sproketi mbili. Ni kama upana wa vidole viwili hivi. Kitabu chako ndicho chenye jibu lako hasa, pamoja na maelezo ya kama ipimwe kwenye dabo stendi, ile ya katikati, au stendi ya pembeni. Najua, kitabu kipo kwa bosi kabatini pamoja na kadi ya pikipiki. Kadi naelewa. Kitabu anakiwekea dhamana ya nini?

Halafu usipime sehemu moja ukaondoka. Weka gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono, pima tena sehemu tatu nne. Cheni iliyotumika hailiki sawasawa, kuna mahali imelegea na mahali imebana, na kipimo chako kiwe pale palipobana. Ndipo ulegeze nati ya ekseli, uzungushe nati za kurekebishia kulia na kushoto kidogokidogo, ukiangalia zile alama kwenye mkono pande zote mbili zilingane. Zisipolingana gurudumu linakaa upande na cheni inasaga meno ya sproketi ubavuni. Kaza ekseli, pima tena, maana kukaza nako kunaivuta. Na kwa pikipiki zenye breki ya ngoma nyuma, ukishasogeza gurudumu angalia na breki, kwa sababu fimbo yake imevutika na breki inaweza kuwa inashika yenyewe. Nimemwona dereva analalamika pikipiki mpya inakula mafuta, kumbe anatembea na breki imeshika tangu ilipokazwa cheni.

Sasa hii oili chafu. Mafundi mtasema mnatumia tangu enzi na enzi na pikipiki zinatembea. Haya, nakubali: cheni yenye oili chafu inaishi kuliko cheni kavu yenye kutu. Nimesema, msininukuu zaidi ya hapo. Lakini oili hiyo imetolewa kwenye injini kwa sababu imechoka, ina masizi na chembe za chuma ndani yake, halafu mnaimwaga kwenye kitu kinachozunguka wazi katika vumbi la Kihonda. Mnatengeneza msasa. Cheni hailiki nje pale mnapopamwagia, inaliwa ndani kwenye pini. Watu wanasema cheni "imevutika" wakidhani chuma kimerefuka. Chuma hakijarefuka hata kidogo. Cheni ina pini zaidi ya 100, na kila pini ikiliwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, ukiwa na pini 120 cheni yako imeongezeka milimita 12. Ndiyo maana unakaza leo, Jumamosi unakaza tena.

Dawa yake si ghali. Mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, brashi ya zamani, sugua, futa na kitambaa mpaka ikauke. Petroli acha, inakausha ringi za mpira kwa cheni zenye ringi hizo, na moto wake haubembelezi. Kisha oili nzito ya gia, ile ya 90, matone tu, upande wa ndani wa cheni ya chini huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Upande wa ndani kwa sababu gurudumu likizunguka kasi oili inarushwa nje, basi ipite kwenye pini kwanza kabla ya kuruka. Iache ikae, futa iliyozidi. Fanya jioni cheni ikiwa bado na joto la kazi, oili ipate usiku mzima wa kuingia. Msimu wa masika fanya kila ukitoka kwenye tope, usingoje ratiba.

Na injini iwe IMEZIMWA. Kuna huyu mtaalamu anayeweka dabo stendi, anatia gia, anaacha gurudumu lizunguke lenyewe huku ameshikilia kitambaa kwenye cheni. Kitambaa kikishikwa na meno ya sproketi, mkono unakifuata. Nenda wodi ya majeruhi uone vidole vilivyokatwa hivyo. Sitanii, na hapa sina kejeli. Zima, zungusha kwa mkono, utachelewa dakika tano.

Kile kipini cha kuungia cheni, yaani klipu: kichwa kilichofunga kielekee kule cheni inakokwenda, mkia uliopasuka ubaki nyuma. Ukikigeuza, siku kikigusa kitu kinachomoka.

Cheni ikifika mwisho, nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Pima hivi: cheni nyingi za pikipiki hizi ni 428, namba imegongwa kwenye pingili, na kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Ivute, pima pingili 20. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259 au zaidi, shukuru na uiage. Sproketi iangalie meno, yakichongoka na kulalia upande mmoja nayo imekwisha. Ukifunga cheni mpya kwenye sproketi mbovu, sproketi hiyo itaila cheni yako. Na kupunguza pingili ili cheni iliyochoka ionekane fupi, mafundi, huo ni utapeli, tafuteni jina jingine mkitaka.

Oili ya injini nayo nisiiache, ingawa hasira zangu nyingi nimeshazimaliza kwenye cheni. Kijana, oili ya pikipiki yako inafanya kazi tatu kwa pamoja: injini, gia na klachi, vyote vinaogelea humohumo. Ndiyo maana oili ya gari hata iwe ya bei mbaya haikufai. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi yako inaishi kwa msuguano. Utavuta mafuta, injini italia, pikipiki haiendi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi inayoogelea, na unene unaotajwa na kitabu, kama ni 20W-50 au 10W-30, usichukue wa jirani. Oili ya kwanza ya pikipiki mpya mwaga mapema, kwenye kilomita 500 hadi 750 hivi, hata kama inaonekana nzuri. Ina ungaunga wa chuma kutoka kwenye injini inayozoea. Baada ya hapo usisubiri ishara ya mbinguni, andika kilomita kwenye tangi kwa mkanda wa karatasi.

Weusi peke yake si kipimo. Oili inayosafisha lazima ichafuke. Kinachoua ni oili kupungua bila mtu kuangalia. Injini inabeba kama lita moja tu, ikipungua robo si jambo dogo, na injini zinazopozwa na upepo kwenye foleni ya juani zinakula oili. Angalia kila asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa imesimama wima, si imeegemea stendi ya pembeni. Nyingine zina kidirisha, nyingine kijiti, na kwa nyingi kijiti unakiegesha tu bila kukizungusha ndipo usome. Injini ikinoki kwa kukosa oili hakuna maelezo utakayompa bosi akakuelewa.

Na kopo likiisha litoboe kabla ya kulitupa. Kuna watu wanayaokota wanajaza wanachokijua wao.

Mwisho nirudi kwa mabosi, maana tukiwapiga mafundi tu tunaonea. Mkataba wa kijana wetu una kurasa mbili. Hesabu, yaani pesa ya kumpelekea bosi kila siku, imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Faini ya kuchelewesha hesabu ipo. Pikipiki ikiibiwa, ipo. Oili na cheni, neno moja: "Sevisi juu ya dereva." Sasa dereva ambaye pikipiki haitakuwa yake mpaka amalize mkataba, na ambaye jioni lazima alete hesabu mvua inyeshe isinyeshe, unategemea anunue seti ya cheni? Anakwenda kwa fundi kukaziwa cheni kwa bei ya soda. Akimaliza mkataba anakabidhiwa mzoga wake mwenyewe, na wewe umeshapata chako.

Nilimpigia bosi wake nikamwomba waandike humo kwamba oili na seti ya cheni wachangie nusu kwa nusu, na kitabu akitoe kabatini. Akacheka. "Mzee, nikianza kununua oili mimi nitakula nini?" Kitabu alisema atakitafuta. Kijana amesharudi barabarani, cheni nimeilegeza mwenyewe, na kijiweni wameshamwambia mjomba wake ameiharibu pikipiki.